Hodi Mjini kwa Wenyewe: Uhakiki wa Masimulizi ya Safari katika Miji ya Kiislamu

1. Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ambayo sisi walimu wa Kiswahili huyapuuza mno darasani ni masimulizi ya safari. Riwaya tunazihakiki, tamthilia tunazihakiki, na mashairi ndiyo usiseme. Lakini habari za msafiri huachiwa mwalimu wa jiografia au wa historia, kana kwamba hazina fani wala dhamira. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Tutachukua aina moja tu ya masimulizi hayo, nayo ni yale ya msafiri asiye Mwislamu aliyeingia katika mji ambao Waislamu wanauhesabu kuwa mtakatifu, au wenye heshima ya pekee ya dini, kisha akarudi kwao na kuandika. Swali letu ni hili: je, namna msafiri alivyoingia mjini huathiri thamani ya maandishi yake? Tunaamini kwamba huathiri sana, hata kuliko ufundi wake wa kalamu. Hata hivyo, imani hiyo ilitubidi tuirekebishe njiani, na msomaji ataona ni nani aliyeturekebisha.

Fikira hizi zilianzia Dzaleka, katika wilaya ya Dowa, safari ya chini ya saa moja na nusu kwa gari kutoka Lilongwe. Mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika zama za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994 pakafanywa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa kupokea watu 10,000 hadi 12,000, na leo wamepita 50,000. Walio wengi wametoka Kongo. Wengine ni wa Burundi na Rwanda, na wachache wa Ethiopia na Somalia. Wengi wao huunganishwa na Kiswahili, sokoni, kanisani na msikitini. Katika darasa letu la jioni hukaa pamoja Wakatoliki, Walokole na Waislamu. Sisi tunaoandika si Waislamu.

Siku moja tulikuwa tukieleza methali isemayo, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako." Mwanafunzi mmoja Mwislamu akauliza: je, methali hiyo inamruhusu asiye Mwislamu kujifanya Mwislamu ili apate kuingia Makka? Hatukuwa na jibu la papo kwa papo. Tuliahidi kuleta mfano wa mtu aliyefanya hivyo, ili darasa lihukumu lenyewe.

2. Mkoba usio na msahafu

Mfano tulioleta ni wa Richard Burton, askari Mwingereza aliyekuwa amejifunza Kiajemi na Kiarabu, na ambaye mwaka 1853 alifika Madina na Makka kwa jina la kubuni la Abdullah. Aliposhuka Misri alijifanya Mwajemi. Alipoona kuwa Uajemi unamletea dharau, akajigeuza kuwa mganga mwenye asili ya Kiafghani aliyelelewa India. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1855 na 1856. Hakuwa Mzungu wa kwanza kufika Makka, kwani Ludovico di Varthema wa Italia alikuwa amefika huko tangu mwaka 1503, na Burckhardt wa Uswisi mwaka 1814. Lakini kitabu cha Burton ndicho kilichovuma zaidi.

Tukianza na fani, hatuna budi kumpa haki yake. Burton ni mwandishi mwenye jicho kali. Anaeleza nguo, vyakula, bei, magonjwa, matusi ya wapanda ngamia na adabu za wenye nyumba kwa ukamilifu ambao wasafiri wengi hawaufikii. Anaijua lugha ya watu anaoandika habari zao, na hilo peke yake linamweka mbele ya wengi waliokuja baada yake.

Lakini tutazame maudhui. Katika vifaa vyake vya safari kulikuwa na kijimkoba cha kuvaa begani, cha aina ambayo mahujaji hutilia msahafu. Chake hakikuwa na msahafu. Kilikuwa na vyumba vitatu: kimoja cha saa na dira, kimoja cha fedha, na kimoja cha kisu kidogo, kalamu za risasi na vipande vya karatasi. Mwenyewe anatueleza jambo hili bila haya, kama mtu anayesifu ustadi wa fundi wake. Kwa maoni yetu, kijimkoba hicho ndicho ufunguo wa kitabu kizima. Kila mwenzake alipokitazama aliona ibada. Ndani mlikuwa na dira.

Jambo la pili ni la wenzake wa safari. Walipokuwa Suez waliona katika mizigo yake chombo cha kupimia nyota, na kijana mmoja wa Makka aliyekuwa akifuatana naye akasema waziwazi kwamba mtu huyu ni kafiri. Wengine walimtetea, wakamkaripia kijana yule. Msomaji wa kawaida hufurahi hapo, kwa kuwa shujaa ameokoka. Darasa letu halikufurahi. Wanafunzi walitaka kujua habari za wale waliomtetea: walikula naye, walimkopa fedha, wakasimama upande wake, na siku waliyopata habari, kama waliipata, walijionaje? Kitabu hakisemi. Yule kijana aliyesema kweli ndiye anayechorwa kuwa mjanja na mwenye tamaa, na walioamini uongo ndio wanaochorwa kuwa wajinga wema. Hapa hila ya msafiri imeingia katika uchoraji wa wahusika wenyewe.

Jambo la tatu ni zito zaidi. Anapoifikia Kaaba kwa mara ya kwanza, Burton anakiri kwamba mahujaji waliomzunguka walisukumwa na imani, na yeye alisukumwa na fahari ya mtu aliyefanikiwa. Tunamsifu kwa kukiri. Lakini kukiri huko kunatuonyesha mpaka wa kitabu chake. Mtu ambaye wakati wote anaangalia asigunduliwe hana nafasi ya kumtazama jirani yake sawasawa. Alipoingia ndani ya Kaaba alichora ramani yake kwa siri juu ya nguo yake nyeupe ya ihramu. Vipimo tunavyo, lakini mzee aliyesimama karibu naye akilia hatumjui, na kilichomliza hatukiambiwi.

Hivyo darasa liliamua kwamba methali yetu haimtetei Burton. Kufumba jicho kwa wenye chongo ni adabu: ni kukubali kuona kidogo ili usiwaaibishe wenyeji. Burton alifanya kinyume. Alifumba jicho moja ili apate kuwahesabu kwa lile la pili.

3. Harari, au mlango wa mbele

Yafaa kumlinganisha Burton na Burton mwenyewe. Mwaka 1855, tarehe 3 Januari, aliingia Harari, mji wenye ukuta ulio katika milima ya mashariki ya Ethiopia. Waislamu wengi wa Pembe ya Afrika huuhesabu kuwa mji mtakatifu. UNESCO, iliyouweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, imehesabu humo misikiti 82 na maziara 102. Wakati ule mji ulikuwa chini ya Amiri Ahmad, nao wenyeji waliamini kwamba usalama wa mji wao unategemea kumzuia asiye Mwislamu asiingie.

Burton alikuwa amesafiri tangu pwani ya Usomali kwa sura ya mfanyabiashara Mwarabu. Alipokaribia mji aliona kwamba kwa rangi ya ngozi yake watu wanamdhania Mturuki, na Waturuki walichukiwa kuliko Wazungu. Basi akavua jina la kuazima, akaingia kama Mwingereza. Tusimsifu kupita kiasi: barua aliyompelekea Amiri, iliyodaiwa kutoka kwa mwakilishi wa Kiingereza wa Aden, aliighushi mwenyewe. Lakini uso wake ulikuwa wazi. Alikaa humo siku kumi, akaonana na Amiri, akazungumza na wanazuoni, kisha akaondoka salama.

Je, maandishi yake yalibadilika? Dharau imo vilevile, na maneno yake mengi juu ya Waharari na Wasomali hayastahili kurudiwa mbele ya wanafunzi. Hata hivyo kuna tofauti moja ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuiacha ipite. Katika Harari wenyeji wanamhoji mgeni. Wanamuuliza amekuja kufanya nini, ametumwa na nani, anataka kununua nini. Naye analazimika kujibu kama alivyo. Mazungumzo yanakuwa ya pande mbili. Tena kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1856, kina nyongeza ya sarufi na msamiati wa lugha ya Kiharari. Kutoka Makka alirudi na ramani. Kutoka Harari alirudi pia na lugha ya wenyewe. Hatudai kwamba jambo la pili lilitokana na kuvua jina la uongo peke yake. Tunasema tu kwamba mwandishi anayehojiwa na wenyeji huandika kitabu chenye sauti zaidi ya moja.

Na Waharari je, walikosea kuogopa? Misri iliuteka mji mwaka 1875, na Menelik akauteka mwaka 1887. Msafiri anayebeba dira mkobani anaweza kuwa mtafiti tu. Lakini mwenyeji anayehofu kwamba nyuma ya dira kuna jeshi hawezi kuitwa mshamba.

4. Pingamizi

Tulipofika hapo tulidhani kazi imekwisha. Tuliandika ubaoni: "Anayeingia kwa jina lisilo lake huandika uongo." Mwanafunzi mmoja, mama aliyetoka Kivu, aliomba kusema. Alieleza kwamba walipokuwa wakikimbia, walibadili majina mara mbili njiani, na katika nyumba moja iliyowapokea waliswali pamoja na wenyeji ingawa wao ni Wakristo, kwa sababu walihofia kuulizwa. "Mwalimu," akasema, "na sisi tuna dira mkobani?"

Darasa likanyamaza. Tulifuta sentensi ile ubaoni, na ndani ya makala haya tunaifuta tena mbele ya wasomaji wetu. Ilikuwa hukumu ya mtu ambaye hajawahi kuulizwa jina lake na mwenye bunduki.

Tuliporudi kwenye maandiko tuliona kwamba historia ya Makka yenyewe ina mfano wa mama huyo. Joseph Pitts alikuwa kijana wa Exeter, Uingereza, aliyekamatwa baharini mwaka 1678 akauzwa utumwani Algiers. Alilazimishwa kusilimu kwa kipigo, kisha akafuatana na bwana wake kuhiji. Baadaye alitoroka, akarudi kwao, na mwaka 1704 kitabu chake kikatoka. Kitabu hicho ni kidogo, na lugha yake haina mapambo. Pitts anaulaumu Uislamu, kama ilivyotazamiwa kwa mtu wa nchi na zama zake. Lakini anaandika kwamba aliguswa sana kuwaona mahujaji wanavyotokwa na machozi mbele ya Kaaba, na anamkumbuka bwana wake wa mwisho kwa wema. Yule aliyebandikwa dini kwa nguvu ndiye aliyeona machozi; yule aliyeivaa kwa hiari yake aliona fahari yake.

Kwa hiyo kanuni yetu tunaiandika upya. Kuficha jina si kosa moja. Kuna anayejificha ili aishi, na kuna anayejificha ili aandike. Wa kwanza hana mlango mwingine. Wa pili anao, lakini hautaki kwa kuwa mlangoni pana mwenyeji anayeweza kusema hapana. Uhakiki wa masimulizi ya safari lazima uulize kwanza: je, msafiri huyu alikuwa na mlango mwingine?

5. Nkhotakota

Hatukutaka kuhukumu safari za wengine bila kusafiri. Makka hatuwezi kwenda, kwani sheria ya Saudi Arabia hairuhusu asiye Mwislamu kuingia humo, nasi hatuna ugomvi na sheria hiyo. Kila nyumba ina chumba ambacho mgeni haingii. Lamu, mji ambao kwa Waswahili wengi ndio wenye baraka kutokana na Msikiti wa Riyadha wa Habib Saleh na Maulidi yake ya kila mwaka, uko mbali na mfuko wa mwalimu. Tulikwenda Nkhotakota, kando ya Ziwa Malawi, yapata kilomita 200 kutoka Lilongwe.

Nkhotakota hauitwi mji mtakatifu, lakini kwa Waislamu wa ziwani ni mji wa heshima ya zamani. Salim bin Abdallah alifika hapo kutoka pwani katika miaka ya 1840, akaweka utawala uliojulikana kwa cheo cha Jumbe, uliodumu hadi miaka ya 1890. Kwa njia hiyo Kiswahili na Uislamu viliota mizizi kando ya ziwa. Tusifiche na upande wa pili: biashara ya Jumbe ilikuwa ya pembe na ya watumwa. Livingstone alipita hapo mwaka 1861, akarudi mwaka 1863. Baadaye tarika ya Kadiria ilienea, na miongoni mwa walioieneza alikuwako mwanamke, Sheha Mtumwa binti Ali bin Yusufu. Katika mji huo huo limo kaburi la Askofu Chauncy Maples aliyezama ziwani mwaka 1895.

Wanafunzi wetu hawakuweza kufuatana nasi. Mkimbizi haondoki Dzaleka bila kibali, na tangu agizo la mwaka 2023 la kuwarudisha makazini wale waliokuwa wakiishi Lilongwe na kwingineko, safari zao zimezidi kuwa ngumu. Iko miji isiyompokea mtu, na yako makazi yasiyomwacha. Walitupa maswali yao kwenye karatasi, tukayachukua.

Tulifika siku ya Ijumaa kabla ya adhuhuri. Penye ua wa msikiti tulipiga hodi. Kwa Chichewa husemwa "Odi!", na mwenyeji hujibu "Odini!", neno ni lile lile, na hatukuhitaji mkalimani. Mzee aliyetujibu alituuliza sisi ni nani na dini yetu ni ipi. Tukamwambia. Akatuonyesha benchi chini ya mwembe, akasema tungoje hadi swala iishe.

Tulingoja zaidi ya saa nzima. Tuliona viatu mlangoni, tukasikia hotuba ambayo hatukuielewa yote, tukawaona watoto wakikimbia kutawadha kwa kuchelewa. Hatukuona ndani. Swala ilipokwisha, mzee alirudi na wenzake wawili, akatujibu maswali ya wanafunzi moja baada ya jingine. Kisha naye akauliza la kwake: "Mkishaandika, mtatusomea?" Tulisema tutafanya hivyo.

Tuliporudi Dzaleka tuliwasomea wanafunzi tulichoandika. Walikihakiki bila huruma. Mmoja alisema kwamba tulitumia aya tatu kueleza uchovu wa kungoja, na mstari mmoja tu kwa swali la mzee. Kwa hiyo hata sisi, tulioingia kwa mlango wa mbele, tulikuwa tumejitazama wenyewe. Hodi ni mwanzo tu wa adabu. Baada ya kukaribishwa, mwandishi ana kazi ya kuwapa wenyeji nafasi katika maandishi yake kama wao walivyompa nafasi penye benchi lao. Aya zile tumezipunguza.

6. Hitimisho

Kutokana na hayo tunawapendekezea walimu wenzetu maswali matatu ya kuhakikia masimulizi yoyote ya safari, yawe ya miji ya Kiislamu au mingine. Kwanza, msafiri aliingiaje, na alikuwa na mlango mwingine? Pili, je, katika maandishi yake wenyeji wanauliza maswali, au wanatazamwa tu? Tatu, je, angethubutu kuwasomea alichoandika? Kwa maswali hayo Burton wa Makka anapata alama ndogo kuliko sifa zake, Burton wa Harari anapanda kidogo, na Pitts, aliyesahauliwa na wengi, anastahili kusomwa.

Tunapendekeza pia kwamba masimulizi hayo yasomwe sambamba na safari za watu wetu. Katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao "Safari za Wasuaheli", uliochapishwa mwaka 1901, Selim bin Abakari wa Ngazija, Mwislamu, anasimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia ya mwaka 1896. Alikwenda kama mtumishi wa Mjerumani, na kwa jina lake mwenyewe. Wanafunzi wakimsoma yeye wataona kwamba Mswahili si mtu wa kutazamwa tu. Naye amekwenda katika miji ya watu, akatazama na kuandika.

Nakala ya toleo hili tutaipeleka Dzaleka, ikasomwe darasani. Nyingine tutaipeleka Nkhotakota kwa mkono, siku isiyo ya Ijumaa, ili mzee yule apate nafasi ya kutusahihisha.